Daftari la Mwaka wa Sitini na Moja

Nimewaandikia hesabu miaka arobaini na mmoja:
kwanza mzee Eleutério, kisha mwanawe Hermínio,
na sasa, tangu Januari, Iolanda,
ambaye hesabu zake hujiandika zenyewe
na mimi huniachia kazi ya kuzitazama.

Kiwanda chetu ni cha vizibo, nje kidogo ya Coruche, Ureno.
Mwaloni huvuliwa gome bila kuuawa.
Ukishavuliwa husimama mwekundu
kama goti la mtoto aliyeanguka,
na Hermínio huuchora tarakimu kwa rangi nyeupe:
tatu, yaani ishirini na tatu.
Hauguswi tena mpaka miaka tisa ipite.
Sijamwona aliyeubembeleza ukakubali mwaka wa nane.

Jumanne waligombana tena.
Binti alileta karatasi zenye vilima vya rangi,
vyote vikipanda kuelekea kulia:
mikoba, viatu, vigae vya kumeza kelele,
na watu wa Lisbon wenye fedha, wanaotaka thuluthi ya hisa
na taarifa kila miezi mitatu.
"Mvinyo siku hizi hufungwa kwa kifuniko cha kusokota, baba.
Tunashonea kofia vichwa visivyokuwepo."

Baba alimenya chungwa lote kabla ya kujibu.
"Miezi mitatu," akasema. "Nenda kauambie mti."

Akaongeza yale ya kila siku:
kwamba hajadaiwa hata senti,
kwamba anawajua wafanyakazi wake kumi na tisa
mpaka majina ya mbwa wao,
kwamba babu, Mungu amrehemu,
alivijenga hivi vyote kwa subira.

Subira!
Nilikohoa. Nikavua miwani nikaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Karani hulipwa kwa kuandika, huaminiwa kwa kunyamaza.
Lakini nimebakiza miezi minne nistaafu,
na ulimi nao unadai kiinua mgongo chake.

Nikapanda ngazi, nikateremka na daftari la kijani,
lile lililoliwa pembe na panya,
nikalifungua Septemba ya sitini na moja
nikaliweka kati ya maganda ya chungwa na kompyuta.

Mwandiko wa Eleutério, umelala kama nyasi penye upepo:
Mashine ya kutoboa, kutoka Ujerumani. Mkopo.
Rehani: shamba la mama, nyumba. Punda wawili, wameuzwa.
Na pembeni, kwa penseli, herufi zikinyata:
Baba hasemi nami. Wiki ya kumi na moja.

Hermínio alisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari.
Mwaka ule alikuwa na miaka kumi.
Alichokumbuka ni punda wakiondoka.
Aliambiwa wamezeeka.

Iolanda naye hakushangilia, nilivyodhani angeshangilia.
Aligeuza kurasa, sitini na mbili, sitini na tatu,
wino mwekundu, mwekundu, mwekundu,
akauliza kwa sauti ya chini:
"Alilalaje?"

Usingizi hauna daftari, nikamwambia.

Hawakukubaliana siku ile.
Watu wa Lisbon wanakuja Alhamisi.
Hermínio amesema atakuwepo; hakusema atasema nini.
Nimeagiza kahawa zaidi, na viti viwili.

Ila jana jioni niliwaona kwenye mwaloni wa mwisho, karibu na geti,
mzee ameshika kopo, binti ameshika brashi.
Tatu yake ilijikunja mkia ikakaribia kujifunga.
"Watadhani ni nane," baba akasema.
Binti alikuwa akihesabu kwa vidole, yeye na kompyuta zake zote:
"Thelathini na mbili. Nitakuwa na arobaini na tatu.
Wewe themanini na moja."

Mzee akachukua brashi, akairekebisha ile tatu
polepole, kama mtu anayetia sahihi.

Mimi, ambaye kuhesabu ndiyo kazi yangu,
umri wangu sikuuhesabu.